Kughafilika, Kupitiwa na Kusahau: Kumbukumbu za Mgonjwa wa Baipola

Kabla hatujafika hospitalini hebu tuanzie kwenye kamusi, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili wala si la Chama cha Sayansi. Mwanafunzi akiulizwa na mwalimu, "Kazi niliyokupa jana iko wapi?" hujibu, "Nimesahau, mwalimu." Aliyetumwa chumvi akarudi na sabuni, jibu ni hilo hilo. Aliyekosa mkutano wa chama, hilo hilo. Utadhani lugha yetu ina neno moja tu la jambo hili, kumbe inayo kadhaa. Leo nataka tuyatazame matatu, kwa kuwa yatatusaidia kuelewa ugonjwa ambao tunaishi nao hapa Kamakis, majumbani na hata mabwenini, bila kuujua jina.

Neno la kwanza ni kughafilika. Kughafilika ni kutokuwa na habari na jambo wakati linapopita mbele yako. Unatembea jioni kando ya baipasi, moshi wa nyama choma unakuja usoni, makanga anaita abiria wa Ruiru, muziki unalia kutoka kila upande, na rafiki yako anakueleza habari za mtihani wa Jumatatu. Unaitikia "eeh, eeh." Kesho yake anakuuliza, nawe hujui lolote. Hukusahau, ndugu yangu. Habari hiyo haikuingia hata kidogo. Mtu hawezi kupoteza shilingi ambayo hakuwahi kuitia mfukoni.

Neno la pili ni kupitiwa. Hapa kitu kimo, umekiweka mwenyewe, lakini wakati wa kukihitaji hukioni. Jina la mhusika wa riwaya linakukwepa ndani ya chumba cha mtihani, kisha unapovuka mlango tu linakuja lenyewe, tena kwa madaha. Tukumbuke pia kwamba mtu hupitiwa na usingizi. Lugha imeyaweka mambo hayo mawili chini ya neno moja, na baadaye tutaona kwamba haikukosea sana.

La tatu ndilo kusahau kwenyewe: kitu kilikuwemo, kikafifia, kikatoka. Huko Ujerumani, Hermann Ebbinghaus alijitesa kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Mwaka 1885 alichapisha matokeo yake. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea, na baada ya siku moja ilikuwa imebaki kama theluthi. Aligundua pia kwamba anayerudia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali hushika kuliko anayemeza yote kwa mkupuo. Wale wenzangu wa kukariri usiku wa kuamkia mtihani wamesikia.

Sasa basi, kwa nini tujisumbue na tofauti hizi? Kwa sababu kuna ugonjwa ambao humletea mtu zote tatu kwa zamu, na watu wanaomzunguka huziita zote jina moja, kisha wanampa majina mengine juu yake: mwongo, mvivu, kichwa maji, mjeuri. Ugonjwa huo ni baipola.

Baipola ni ugonjwa wa hisia unaompandisha mtu na kumshusha. Akiwa amepanda, kwa muda wa wiki moja au zaidi, huwa na nguvu kupita kawaida yake. Hulala saa mbili au tatu na kuamka mzima kabisa, husema haraka haraka, mawazo humkimbia, pesa humponyoka, huanzisha mambo kumi na kumaliza sifuri. Wengine hufika mahali pa kusikia sauti au kujiona wao ni manabii ama matajiri wakubwa. Akiwa ameshuka, kwa wiki mbili au zaidi, kila kitu huwa kizito. Hafurahii alichokipenda, halali vizuri au hulala kupita kiasi, anajiona hafai, na pengine hufikiria kufa. Katikati ya hali hizo mbili huweza kukaa miezi, hata miaka, akiwa mtu kama wewe na mimi. Kwa hivyo si yule rafiki yako anayecheka asubuhi na kununa baada ya chakula cha mchana. Huyo ana njaa tu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza mwishoni mwa utineja au katika miaka ya kwanza ya utu uzima, yaani umri wetu huu huu. Kwa kiasi kikubwa hutembea katika ukoo, kama kimo na sura, ingawa si kila mtoto wa mgonjwa huupata. Si mtu aliyerogwa, wala si adhabu ya dhambi za babu.

Hapa kwetu historia yake imepita katika barabara tunayoipanda kila likizo. Ukitoka Kamakis ukaingia barabara ya Thika kuelekea mjini, ukapita Githurai na Roysambu, kabla ya kufika Pangani utaiona hospitali ya Mathari. Ilianzishwa 1910, mahali palipokuwa pametengwa kwa wagonjwa wa ndui, ikiitwa hifadhi ya wendawazimu ya Nairobi. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Leo ni hospitali kuu ya taifa ya rufaa na ya mafunzo kwa magonjwa ya akili, lakini midomoni mwetu jina lake bado ni tusi. Nani hajasikia kwenye matatu, "Huyu apelekwe Mathari"?

Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wake alikuwa daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba Waafrika hawapatwi sana na ugonjwa wa huzuni, na kwamba hawaitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo. Ni upuuzi, na wasomi wengi wameupinga tangu wakati huo, akiwemo Frantz Fanon. Hata hivyo tujiulize daktari huyo aliona nini. Aliyevunja vioo sokoni alikamatwa na kupelekwa Mathari. Aliyekaa kimya kijijini, akitazama ukuta, hakupelekwa popote. Alisemwa kuwa mvivu, basi. Na mpaka leo ndivyo tufanyavyo: mgonjwa wa baipola akipanda mtaa mzima unajua, akishuka na kuanza kupoteza kumbukumbu tunamwambia aache uzembe.

Turudi kwenye maneno yetu matatu, tuyapeleke kwa mgonjwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kijana mchoma nyama hapa hapa Kamakis. Ni hodari, anajua wateja wake wote kwa majina. Mwezi mmoja anaanza kulala saa mbili kwa usiku. Anasema ameona mwanga: atanunua ploti tatu Ruiru, atafungua hoteli, atawapeleka ndugu zake wote ng'ambo. Anazungumza na kila mtu, anaahidi kila mtu, anatuma pesa za malipo ya kwanza kwa watu asiowajua. Wiki ya tatu analazwa. Akitoka, kaka yake anamwuliza, "Zile elfu themanini za mama ziko wapi?" Anajibu, "Sijui." Kaka anaona ni dharau, maana alimwona kwa macho yake akizituma huku anacheka. Wanapigana.

Nani mwongo hapo? Hakuna. Akili iliyopanda huruka kutoka jambo hadi jambo kabla la kwanza halijakaa. Ili jambo liingie kwenye kumbukumbu ni lazima kwanza mtu alisimamie kidogo kwa makini, na kazi hiyo hufanywa na sehemu ya mbele ya ubongo, hapa nyuma ya paji la uso. Kisha lipokelewe na sehemu nyingine ndogo iliyo ndani, inayoitwa hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki, la yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, kwa kuwa umbo lake linafanana naye. Hipokampasi ni kama karani wa mapokezi. Mambo mia yakigombea mlango kwa dakika moja karani ataandika machache, tena kwa mwandiko mbaya. Huyo kijana hakusahau, alighafilika, na alighafilika kwa wiki tatu mfululizo.

Isitoshe, alikuwa halali. Watafiti wamethibitisha kwamba ubongo huitumia saa za usingizi kuyapanga na kuyaimarisha yale uliyoyapokea mchana. Asiyelala hupoteza mara mbili: mchana hapokei vizuri, usiku hahifadhi. Ndiyo maana nilisema lugha haikukosea kuweka usingizi na kumbukumbu katika neno kupitiwa, ijapokuwa hapa usingizi ndio unaookoa na kukosa usingizi ndiko kunakoharibu.

Kitu kimoja kitamsaidia kijana huyu na kaka yake kuliko mkutano wowote wa familia, nacho ni taarifa ya M-Pesa. Tangu huduma hiyo ianze Machi 2007, kila shilingi inayotumwa huacha tarehe, saa na kiasi. Wakiketi wawili na ile karatasi, wataona kwamba pesa za kwanza zilitoka saa nane na dakika arobaini na saba usiku, na nyingine dakika sita baadaye. Sasa wana jambo la kuzungumza badala ya kuitana wezi. Na daktari pia akiiona ataelewa lini hasa ugonjwa ulianza kupanda, maana mgonjwa mwenyewe hawezi kumwambia.

Tuje kwenye kushuka. Hapa matata ni ya namna nyingine. Aliyeshuka anafikiri polepole. Anasoma ukurasa mmoja mara nne na hakuna kinachobaki. Ukimwuliza swali, jibu linakuja baada ya wewe kwenda zako. Mengi yamo kichwani, ila hana nguvu ya kuyavuta. Amepitiwa.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1986 huko Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent waliwapa maneno watu waliokuwa wamejaribu kujiua karibuni, kisha wakawaomba wakumbuke tukio moja la maisha yao kwa kila neno. Wengi walishindwa kutaja siku moja mahususi. Walijibu kwa jumla. Kwa mfano, mtu akiambiwa "furaha" anaweza kusema, "Nilikuwa nikifurahi tukienda kwa nyanya," lakini ile siku yenyewe, ya embe na mvua na binamu aliyeanguka mtini, haimjii. Tafiti zilizofuata zimeona hali hiyo hiyo kwa watu wengi wenye ugonjwa wa huzuni. Tafakari hasara yake. Aliyeshuka anaambiwa na rafiki, "Lakini kumbuka siku nzuri!" Anajaribu kwa moyo wote, na ndani anapata ukungu. Rafiki anadhani ni ukaidi.

Utafiti mwingine ulifanywa Marekani na Herbert Weingartner na wenzake, ukachapishwa 1977. Waliwachukua wagonjwa waliokuwa wakipanda na kushuka, wakawaomba watoe maneno yanayowajia kichwani, kisha baada ya siku chache wayakumbuke. Waliyakumbuka vizuri zaidi ikiwa hali yao ya moyo ilifanana na ile ya siku ya kwanza. Hali ikibadilika, mlango nao hubadilika. Kwa hivyo mtu anaweza kuahidi jambo akiwa amepanda, asilione kabisa akiwa ameshuka, halafu miezi sita baadaye akipanda tena likamrudia kama la jana. Sisi tunaomtazama kutoka nje tunasema, "Hukumbuka anapotaka."

Hali ya tatu ndiyo iliyowapotosha hata madaktari. Emil Kraepelin, Mjerumani aliyeutenga ugonjwa huu na magonjwa mengine ya akili mwaka 1899, aliamini kwamba tofauti na wagonjwa wengine, hawa hurudi wazima baina ya vipindi. Imani hiyo ilidumu karibu karne nzima. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti walianza kuwapima watu ambao wametulia, hawajapanda wala hawajashuka, wanaenda kazini. Wakiwapa orodha ya maneno ya kukariri, wengi wao walikumbuka machache kuliko watu wa rika lao. Kupanga mambo na kushikilia mawili kwa wakati mmoja pia kuliwasumbua. Wapo wasio na tofauti yoyote na mtu mwingine, na wapo wanaotushinda sote darasani. Ila kwa wengi kuna upungufu mdogo unaobaki, na mara nyingi huonekana mkubwa kwa wale waliopanda na kushuka mara nyingi.

Je, ni dawa? Swali hili huulizwa sana, tena na wazazi, na jibu la haraka haraka limewaponza watu. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora za kuzuia kupanda na kushuka. Baadhi ya wanaoitumia husema inawafanya wazito wa mawazo kidogo. Tafiti zinaonyesha kwamba athari hiyo kwa kawaida ni ndogo. Lakini lithiamu inaweza kuilegeza tezi ya shingoni, ile ile ambayo ikivimba huitwa rovu, na tezi hiyo ikilegea mtu huwa mchovu, msahaulifu na mzito. Hilo hupimwa kwa damu na lina dawa yake. Damu hupimwa pia kujua kiasi cha lithiamu, kwa kuwa ikizidi ni sumu, na figo zikaguliwe. Kisha iko Artane, inayotolewa kuondoa ukakamavu wa mwili unaoletwa na baadhi ya sindano na vidonge vya kutuliza. Hiyo hukausha mate na inajulikana kwa kufifisha kumbukumbu. Tiba ya umeme nayo, ambayo huwasaidia waliozidiwa, inaweza kufuta matukio ya wiki zilizo karibu na matibabu.

Mtu akisoma hayo asije akakimbia kutupa vidonge vya dada yake. Anayeacha lithiamu ghafla yuko katika hatari kubwa ya kupanda tena, na kupanda kwenyewe ndiko kunakoharibu kumbukumbu kuliko dawa. La kufanya ni kumwambia daktari wazi, "Tangu nianze dawa hii nasahau," naye apime tezi, apunguze, abadilishe au aiondoe Artane kama haihitajiki tena. Ikiwa daktari hakuuliza, sema wewe.

Hapo pana mtego mwingine ambao haupati kutajwa sana. Mgonjwa msahaulifu anatakiwa akumbuke kumeza dawa za kumzuia asiwe msahaulifu! Amesimama na kikombe cha maji, anajiuliza: nimemeza au sijameza? Akirudia kwa hofu, na dawa ni lithiamu, anaweza kujidhuru. Akiruka mara nyingi, anapanda. Tiba yake ni kasha dogo la plastiki lenye vyumba saba, kila siku na chumba chake. Chumba cha Jumanne kikiwa kitupu, umemeza. Kama huna kasha, bahasha saba za karatasi zilizoandikwa siku zinatosha. Na ukiwa na shaka usirudie, uliza hospitalini namna ya kufanya. Ukiharisha sana, au ukitaka kumeza dawa za maumivu kama ibuprofen huku unatumia lithiamu, uliza kwanza, maana vyote hivyo huongeza kiasi chake katika damu.

Sasa tuingie darasani, na hapa nitasema na walimu wetu kwa heshima zote. Shule nyingi husifu kukesha. Mwanafunzi anayeamka saa tisa za usiku kusoma anatajwa gwarideni, wengine wanaambiwa wamwige. Kwa aliye na baipola, au aliyezaliwa katika ukoo wenye baipola, kukosa usingizi usiku mmoja au mbili kunaweza kumpandisha. Nje ya geti mambo si tofauti. Kuna biashara za nyama zinazoendelea mpaka usiku wa manane, matatu hazikomi, na wikendi kuna kesha za maombi na za matanga. Sisemi watu wasiombe, na nyama naipenda. Nasema mwanafunzi kama huyo akiomba ruhusa ya kulala saa tatu usiku na kuamka pamoja na wengine, apewe. Usingizi wake ni dawa kama vile vidonge.

Akirudi kutoka hospitalini baada ya muhula wa shida, msimpe maelekezo matano kwa mdomo mlangoni. Sehemu ya ubongo inayoshika namba ya simu mpaka uipige ndiyo iliyochoka. Mwandikieni. Yeye mwenyewe awe na daftari moja, narudia moja, maana mwenye madaftari manne ya kukumbushia husahau aliandika kwenye lipi. Tarehe juu, kazi chini, kikifanyika kinakatwa. Aweke vitu mahali pamoja kila siku: ufunguo wa sanduku, kitambulisho, kalamu. Asome somo, afunge kitabu, ajiulize maswali, kisha alirudie kesho na wiki ijayo, kama alivyotufundisha Ebbinghaus. Kumbuka kwamba ustadi wa mikono na mazoea, kama kuendesha baiskeli, kupiga gitaa au kuchoma nyama, hutegemea sehemu nyingine za ubongo na kwa kawaida haupotei. Yule kijana wetu akirudi jikoni atageuza mbavu vizuri kama zamani hata akiwa hakumbuki nani aliagiza nini. Basi mpeni karatasi ya kuandikia maagizo, arudi kazini.

Sitawa Wafula, Mkenya mwenzetu aliyejitokeza hadharani kusema kwamba anaishi na kifafa pamoja na baipola, alianzisha huduma ya kuwasaidia watu kwa ujumbe wa simu. Wenye ugonjwa huu wanafanya kazi, wanaandika, wanalea watoto. Wengi wao wana daftari mfukoni.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa aliyepanda kwa wiki tatu anatoka na pengo la wiki tatu, lakini pengo hilo liko kwake tu. Bweni zima linakumbuka. Majirani wanakumbuka. Wapo walioona akivua shati kwenye lami, akiwatukana wazee, akimposa mwalimu. Pengine kuna aliyepiga picha kwa simu na kuisambaza. Yaani kipande cha maisha yake kiko mikononi mwa watu wengine, nao wanamrudishia vipande vipande, kwa kicheko, wakati wasipotarajiwa: kwenye foleni ya chakula, uwanjani, anapotaka kusimama kugombea uongozi wa chama. Kila mmoja ana toleo lake na kila toleo limeongezwa chumvi. Yeye hawezi kubisha, maana hakuwapo, kwa namna ya kusema. Wengine hushuka tena kwa aibu ya mambo ambayo pengine hayakutokea hivyo.

Kwa hivyo ukiwa rafiki wa mtu kama huyo, picha ifute, na wenye kuisambaza uwaambie wafute. Usimweleze aliyoyafanya mpaka akuulize. Wengine hawataki kujua, na ni haki yao. Wengine wanataka kujua yote, kwa sababu lile pengo linawatisha kuliko ukweli. Akiuliza, mtafuteni mtu mmoja mtulivu aliyekuwapo, awe dada, rafiki wa kitanda cha jirani au mlezi wa bweni, mkae mahali pasipo na watu. Mwambieni kwa utaratibu wa siku: Jumatatu ilikuwa hivi, Jumanne hivi. Msiache mambo ya kawaida, kwamba Jumatano alicheza bao akashinda, kwamba alimgawia mdogo wake mkate. Kama anapenda, ayaandike mwenyewe kwenye lile daftari lake, na tarehe juu. Akisema inatosha, nyamazeni hapo hapo, muendelee siku nyingine atakapouliza.